Je, Mbingu ina mwalimu? Ukoo wa Zhang na nasaba mpya ya Ming

Januari 1368 Zhu Yuanzhang alitawazwa kuwa kaisari mjini Nanjing na kuipa nasaba yake jina la Ming. Miongoni mwa waliofika kumpongeza alikuwamo Zhang Zhengchang, kuhani mkuu wa Watao, wafuasi wa dini ya Kichina ya Utao, kutoka mlima Longhu mkoani Jiangxi, wa 42 katika ukoo uliojulikana kwa cheo cha Tianshi, yaani Mwalimu wa Mbingu. Historia rasmi ya Ming inasema kaisari alimuuliza: "Je, Mbingu ina mwalimu?" Kisha akakifuta cheo hicho na kumpa kingine, zhenren, mtu wa kweli.

Kisa hiki husimuliwa kama fedheha ya mtu wa dini mbele ya mtawala mwenye kiburi. Hiyo ni nusu ya habari. Mistari inayofuata katika historia hiyohiyo inataja muhuri wa fedha, heshima inayolingana na ya ofisa wa ngazi ya pili, wasaidizi wawili wa kudumu, na agizo kwamba utaratibu huo uwe wa siku zote. Anayetaka kuelewa ukoo wa Zhang ulivyoishi na watawala wapya afuatilie muhuri kuliko jina: ni wa madini gani, nani aliutoa, ulinyang'anywa lini na kwa kosa gani.

Bidhaa ya mlima Longhu

Ukoo huu unahesabu asili yake kutoka kwa Zhang Daoling, ambaye kwa mapokeo ya Watao alitokewa na Laozi, mwenye hekima wa kale wanayemheshimu kama mwanzilishi wao, katika hali ya kiungu mwaka 142, huko Sichuan. Mjukuu wake, Zhang Lu, alitawala bonde la Hanzhong kama dola ndogo ya kidini hadi mwaka 215, aliposalimu amri kwa jemadari Cao Cao. Hakukatwa kichwa. Yeye na wanawe walipewa vyeo, na binti yake akaolewa na mwana wa Cao Cao. Kwa hiyo mapatano na watawala wapya yameanza nao tangu zamani, ingawa hapa pana tahadhari moja: kati ya Zhang Lu na watu wa mlima Longhu kuna pengo la karne kadhaa. Ushahidi wa kuaminika wa ukoo huo mlimani unaanza kuonekana wakati wa nasaba ya Tang, na ile orodha ya vizazi isiyo na tundu hata moja ni kazi ya ukoo wenyewe.

Kuhani wa madhehebu yao, Zhengyi, huoa, hukaa kwake, na huitwa na majirani kufanya tambiko: kuombea wafu, kuondoa maradhi, kuomba mvua. Ili maombi yake yapokelewe huko juu anahitaji hati inayoitwa lu. Ndani yake mna majina ya majemadari wa kiroho anaoruhusiwa kuwaamuru. Hati hizi zina madaraja. Katika mfumo wa zamani mtoto alianza na jemadari mmoja, akapanda hadi 10, kisha 75, kisha 150. Asiye na lu anaweza kuimba vizuri na kupiga ngoma vizuri, lakini huko mbinguni hana faili.

Na neno faili si mzaha. Tambiko lenyewe huendeshwa kiofisi. Kuhani huandika ombi kwa muundo wa waraka wa serikali, akataja cheo chake na jina la mwombaji, akaupiga muhuri, kisha akauchoma moto ili upande kwa mamlaka husika. Kiongozi wa Longhu ndiye aliyekuwa juu ya mfumo huo kusini mwa China. Mwaka 1304 nasaba ya Yuan, ya Wamongolia, ilimtambua Zhang Yucai, wa 38, kuwa mkuu wa Zhengyi na msimamizi wa lu za milima mitatu: Longhu, Mao na Gezao.

Hebu mtazame mtu huyo kwa macho ya kaisari. Anatoa vyeo. Ana mihuri. Ana majemadari kwenye karatasi. Makuhani wanaomtambua wametapakaa vijijini. Kama yuko upande wako, kila tambiko la kijijini linasomwa kwa jina la nasaba yako. Kama hayuko upande wako, una ofisi nyingine nchini ambayo hukuiteua wewe.

Barua kwanza, miguu baadaye

Zhu Yuanzhang hakuhitaji kuelezwa nguvu ya dini. Alizaliwa mwaka 1328 katika familia ya wakulima maskini, akafiwa na wazazi wake mwaka 1344 kwa njaa na tauni, akaingia hekalu la Kibudha ili apate kula. Mwaka 1352 alijiunga na waasi wa Vilemba Vyekundu, harakati iliyochochewa na utabiri kwamba mwokozi anakuja kuusafisha ulimwengu. Alipanda ngazi ndani ya uasi wa kidini, na alipofika juu aliipiga marufuku mikondo ya namna hiyo. Hiyo ndiyo hofu aliyokuwa nayo kwa yeyote anayegawa hirizi.

Mwaka 1356 aliiteka Nanjing. Jiangxi, ulipo mlima Longhu, ilikuwa katika eneo la mpinzani wake mkubwa, Chen Youliang. Zhang Zhengchang alishika uongozi wa ukoo mwaka 1359, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, huku Yuan ikiwa bado inatawala Beijing kwa jina na majemadari watatu wakigombea kusini. Kumbukumbu za ukoo zinasema Zhu alituma ujumbe kumtafuta mwaka 1360, na mwaka uliofuata Zhang akatuma mtu na barua yenye kukiri kwamba dalili za Mbingu zinamwelekea Zhu.

Angalia mpangilio wake. Barua ilitumwa wakati mshindi hajajulikana. Mtu mwenyewe hakwenda. Mwaka 1363 Zhu alimshinda Chen katika vita vya majini vya ziwa Poyang, kaskazini mwa Jiangxi hiyohiyo, na Chen akafa. Ni baada ya hapo, mwaka 1365 na tena 1366, ndipo Zhang alipofunga safari ya Nanjing. Angetangulia kwenda, Chen angeuchoma mlima. Angechelewa hadi baada ya kutawazwa, angekuwa mmoja tu wa mamia ya waliokuja kupiga magoti.

Ukoo ulikuwa umeshafanya hesabu hiyo hapo kabla. Khubilai wa Wamongolia alipouteka mji mkuu wa nasaba ya Song mwaka 1276, alimwita Zhang Zongyan, wa 36, na kumkumbusha kwamba mwaka 1259 alikuwa amemtumia baba yake mjumbe wa siri, akajibiwa kwamba baada ya miaka 20 dunia itakuwa chini ya mtawala mmoja. Mabaki ya mwisho ya Song yaliangamia mwaka 1279. Utabiri ulitimia barabara, ila tukumbuke kwamba ulisimuliwa hadharani wakati mji mkuu umekwisha kuanguka. Utabiri wa aina hii huwafaa wote wawili: mshindi anapata kibali cha Mbingu chenye tarehe ya zamani, na kuhani anapata sifa ya kujua mapema.

Ziara za Nanjing zilionyesha pia kitu ambacho Zhu asingeweza kukipuuza. Song Lian, mwanachuoni wa ikulu aliyeandika maandishi ya kaburi la Zhang, anaeleza kwamba watu walimmiminikia kuomba hirizi hadi akashindwa kuwaandikia mmoja mmoja. Akaandika moja kubwa, akaitupa katika kisima cha hekalu la Chaotian. Watu wakagombea maji mpaka kisima kikakauka. Kaisari mtarajiwa akaamuru kijengwe kibanda juu ya kisima hicho. Ni zawadi, bila shaka. Lakini jengo la serikali juu ya kisima maana yake pia ni kwamba kisima sasa ni cha serikali.

Mkataba wa 1368

Tuje kwenye vipengele. Kwanza, jina. Kaisari wa China ni Mwana wa Mbingu, na tambiko la kuitolea Mbingu sadaka ni lake peke yake. Mwalimu wa Mbingu, kwa mpangilio huo, anakaa juu ya baba wa kaisari. Yuan walilivumilia neno hilo na kuliandika katika hati zao. Zhu, aliyekuwa akijenga upya ibada zote za dola kuanzia msingi, hakuweza. Kwa hiyo halikuwa suala la kumchukia Zhang. Watu wa kawaida waliendelea kusema Tianshi, na wanasema hivyo mpaka leo.

Pili, ngazi. Maofisa walipangwa katika ngazi tisa, kila moja ikiwa na daraja mbili. Zhang alipewa heshima ya ngazi ya pili. Mwaka huo mawaziri wa wizara sita walikuwa ngazi ya tatu. Walipandishwa hadi ya pili mwaka 1380 tu. Yaani kwa miaka kumi na miwili kuhani wa Longhu alikuwa, kwa itifaki, juu ya waziri wa ibada. Hata hivyo historia inatumia neno la kulinganisha: anatazamwa kama wa ngazi ya pili. Hakuwa ofisa mwenye idara.

Tatu, muhuri. Chini ya Ming mihuri ya ngazi ya kwanza na ya pili ilikuwa ya fedha, na ya chini yake kwa kawaida ilikuwa ya shaba. Kipande hicho cha madini kilikuwa kinasema, kwa yeyote aliyepokea waraka kutoka Longhu, kwamba mwandikaji ana nafasi gani.

Nne, wasaidizi wawili: mmoja wa mafundisho, mwingine wa nyaraka. Wanaonekana wadogo, lakini ndio waliokigeuza kipaji cha ukoo kuwa ofisi. Kiongozi akifa, karatasi hazifi naye.

Zhang naye alilipa. Alikuja ikulu alipoitwa, aliendesha matambiko kwa ajili ya dola, na mwaka 1377 alitumwa kumwakilisha kaisari katika sadaka ya mlima Song. Alifariki mwanzoni mwa 1378, na mwanawe Zhang Yuchu akarithi akiwa bado kijana.

Mkono wa pili wa kaisari

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapopotea, kwa sababu wanadhani ngazi ya juu ni mamlaka makubwa. Zhu alimpandisha Zhang kwa mkono mmoja na kujenga kwa mkono wa pili ofisi ambazo hazikumhitaji Zhang.

Mwaka huohuo wa 1368 aliunda idara ya kusimamia Watao, akaivunja mwaka 1371. Mwaka 1372 alifuta ada ya hati za utawa, na mwaka uliofuata akaamuru kila wilaya ibaki na hekalu moja kubwa la Watao. Mwaka 1374 aliandika dibaji ya mwongozo mpya wa matambiko, akieleza kwamba watawa wa Quanzhen, wale wa kaskazini wasiooa, wanajishughulisha na nafsi zao, ilhali Zhengyi wanawafaa watoto wenye kuwaheshimu wazazi na wazazi wenye kuwahurumia watoto. Sifa hiyo ilikuwa na bei: mwongozo wenyewe ulifupisha matambiko na kuyapanga upya kwa amri ya ikulu. Mwaka 1379 alianzisha Shenyueguan, taasisi ya Watao waliopiga muziki na kucheza katika sadaka za dola. Wapigaji ni Watao, lakini mkubwa wao ni ofisi ya sadaka.

Kisha mwaka 1382, miaka miwili baada ya kufuta cheo cha chansela kwa kuwa hakutaka mtu kati yake na serikali, alianzisha Daolusi, sajili kuu ya Watao, chini ya wizara ya ibada. Wakuu wake wawili walikuwa wa ngazi ya sita, chini yao wakafuata wa ngazi ya sita ya chini na wa ya nane, na matawi yakashuka hadi wilayani. Hao ndio waliohesabu watawa, waliopeleka majina, walioadhibu. Mwaka 1391 idadi ikawekewa kikomo: watu 40 kwa jimbo, 30 kwa jimbo dogo, 20 kwa wilaya.

Basi linganisha. Longhu ana ngazi ya pili na hana daftari la watawa. Sajili ina ngazi ya sita na daftari lote. Kilichobaki mikononi mwa ukoo ni lu na hirizi, na hapo serikali iliwalinda kweli: mwaka huohuo wa 1391 iliharamisha hirizi za kughushi za Longhu na kuupa mlima muhuri maalumu wa kuthibitishia hati zake. Kughushi kulikuwa tatizo la kila siku, kwani hirizi ni karatasi na wino, na anayeweza kuiga mwandiko ana biashara. Muhuri wa ikulu ndio uliotofautisha. Ila tangu hapo uhalali wa hati ya mbinguni ulitegemea chombo kilichotolewa na kaisari.

Kama mtu anaona ukoo ulibanwa sana, autazame mkondo wa Xuanjiao. Zhang Zongyan aliporudi mlimani baada ya 1276, alimwacha mwanafunzi wake Zhang Liusun katika ikulu ya Khubilai. Huyo akawa mkubwa kuliko walimu wake: alipanda vyeo chini ya makaisari kadhaa, akasimamia hekalu lake mjini, akaanza kujenga hekalu la Dongyue mjini Beijing ambalo mrithi wake Wu Quanjie alilimaliza, nalo lipo hadi leo. Xuanjiao iliishi ndani ya ikulu ya Yuan, kwa ruzuku ya Yuan na uteuzi wa Yuan. Yuan ilipokimbia Beijing mwaka 1368, mkondo huo ukakoma kama taasisi. Longhu ilikuwa na mlima, ukoo na wateja vijijini. Ilipoteza jina tu.

Muhuri unaponyang'anywa

Zhang Yuchu, aliyerithi mwaka 1378, alikuwa msomi hodari na mtu mgumu. Wakati wa kaisari Jianwen, mjukuu wa Zhu, alipatikana na makosa, akapokonywa muhuri na hati zake. Mwaka 1402 Yongle, mwana wa Zhu, alimpindua mpwa wake Jianwen, na mara akamrudishia Zhang vyote viwili. Kwa mtawala aliyenyakua kiti, kumrudishia kuhani haki yake ni njia rahisi ya kusema kwamba aliyepita ndiye aliyekosea. (Ndiye Yongle huyu aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, alama za kibali cha Mbingu alizipokea kutoka kila upande.) Mwaka 1406 akamwagiza Zhang Yuchu akusanye maandiko yote ya Watao, kazi ambayo hakuiona mwisho wake: alifariki 1410, na mkusanyo ukachapwa 1445.

Hata hivyo Yongle hakuweka mayai yote Longhu. Mwaka 1412 alianza ujenzi mkubwa wa mahekalu ya mlima Wudang kwa ajili ya mungu Zhenwu. Na upekee wa ngazi ya pili ukavunjika mwaka 1425, Liu Yuanran, aliyekuwa mwalimu wa Zhang Yuchu kisha hasimu wake, alipopewa muhuri wa daraja ileile.

Pigo baya zaidi lilitoka ndani. Zhang Yuanji, wa 46, alirithi akiwa mtoto na akakua akijiona hana wa kumgusa. Mwaka 1469 alishtakiwa kwa kuua watu zaidi ya 40, baadhi yao katika gereza lake la binafsi. Alihukumiwa kifo, hukumu ikapunguzwa kuwa viboko 100 na uhamisho mpakani. Baadhi ya maofisa walitaka cheo kifutwe kabisa, lakini ukoo ukaachiwa urithi. Cheo kilikuwa kimekwisha kuwa sehemu ya utaratibu wa dola, na kukifuta kungeacha lu zote zilizotolewa bila mdhamini.

Mwaka 1568 kaisari Longqing alifanya kile ambacho Zhu hakukifanya: alifuta hata jina la zhenren, akamshusha mkuu wa Longhu hadi msimamizi wa hekalu wa ngazi ya tano, mwenye muhuri wa shaba. Zhang Guoxiang, wa 50, aliupata tena wa fedha mwaka 1577, chini ya kaisari Wanli.

Nasaba ya Qing ilipoingia, ukoo ulifuata njia uliyoijua. Wamanchu waliichukua Beijing mwaka 1644. Zhang Yingjing, wa 52, alituma pongezi mwaka 1649, vita vya kusini vikiwa bado vinaendelea, na akaenda mwenyewe mwaka 1651 kupokea muhuri. Utaratibu wa Ming ukaendelea kwa karibu karne moja. Kisha kaisari Qianlong, ambaye hakuwa na haja tena ya kuthibitishiwa na mtu, akamshusha mkuu wa Longhu hadi ngazi ya tano mwaka 1747, akampandisha hadi ya tatu mwaka 1766. Mwaka 1821 Daoguang alimfungia mlango wa ikulu. Ukoo ukabaki na ngazi ya tatu, na biashara yake ya lu, mpaka Qing yenyewe ilipoanguka mwaka 1912.